Jinsi ya kukinga bodi ya magnesiamu isiliwe, kwa mafundi wa huku ziwani

Wakuu habari za huko. Juzi kijana mmoja mpasua mbao kaniletea chensoo kutoka Ukerewe, kavuka nayo kwenye feri imefungwa kwenye kiroba, kufungua tu naona bodi ya injini imejaa unga mweupe utadhani imemwagiwa udaga, rangi imevimba vimba, nikagusa na bisibisi pembeni ya boliti ya chini, bisibisi ikazama. Ananiambia "kaka hii aluminiamu mbona imeoza". Nikamwambia mdogo wangu aluminiamu haiozi hivi, hii ni magnesiamu, na dawa yake siyo ile unayoijua.

Naandika hapa kwasababu nimechoka kurudia maelezo yale yale kila mtu akija, na pia kwasababu mafundi wengi wanaiosha kama aluminiamu, wanaipiga rangi kama aluminiamu, alafu mwaka haujaisha mteja karudi na maneno. Magnesiamu ipo kwenye bodi za chensoo nyingi zile za kazi nzito, bodi za kamera kubwa kubwa, fremu za ndani za baadhi ya laptop, fremu za usukani wa magari, na zile Volkswagen za zamani zenye umbo la kobe bodi ya injini yake ilikua ya magnesiamu. Inapendwa kwasababu ni nyepesi: kipande cha ujazo wa sentimita moja kila upande kina gramu 1.74, aluminiamu ni 2.7, chuma kinakaribia 7.9. Mtu anayebeba msumeno siku nzima porini anajua maana ya hizo namba.

Kabla ya hatua, kisa changu kwanza, maana ndo kimenifundisha. Miaka ya mwanzo nilipata bodi ya chensoo imeanza kuliwa, nikaisafisha vizuri kabisa, nikapiga praimeri ya epoksi mara mbili, juu rangi ya machungwa inang'aa, na ili mteja afurahi nikamwekea boliti mpya za stenlesi. Kitu kilikua kizuri mpaka nikakipiga picha. Masika ikapita, msumeno ukarudi. Rangi ilikua nzima sehemu zote isipokua kuzunguka boliti, pale kulikua na vishimo vya duara kama panya kala, viwili vilikua vimetoboka mpaka ndani. Nilikasirika nikamlaumu muuza rangi. Kumbe rangi haikua na kosa, kosa nilinunua mwenyewe dukani, zile boliti.

Iko hivi. Magnesiamu ikigusana na chuma, shaba au stenlesi alafu pakawa na unyevu, inakua betri. Kwenye betri iyo magnesiamu ndo inayoliwa, kila mara, kwasababu kwenye madini yote tunayotengenezea bodi na boliti hakuna inayoachia umeme wake kirahisi kama hiyo. Kwenye vipimo vya maabara magnesiamu ipo volti -2.37, aluminiamu -1.66, chuma -0.44, shaba ipo juu +0.34, aliye chini ndo anayeliwa. Ukubwa wa kuliwa unategemea pia nani mkubwa nani mdogo. Boliti ikiwa wazi, na magnesiamu imefunikwa rangi yote isipokua mkwaruzo mdogo kama ukucha, basi nguvu yote ya boliti inamalizikia kwenye ule mkwaruzo, panachimbika haraka kuliko hata kama usingepiga rangi kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza wapi pa kuweka rangi kwanza, ntakwambia kwenye boliti. Watu wananicheka nikisema hivo mpaka waone.

Hatua ya 1. Hakikisha ni magnesiamu kweli

Angalia ndani ya bodi au chini, mara nyingi kiwandani wanachapa herufi kama AZ91D, AM60 au MgAl9Zn1. AZ91 maana yake ina aluminiamu kama asilimia 9 na zinki asilimia 1, iliyobaki ni magnesiamu. Ukikosa alama, tafuta sehemu isiyoonekana, kwaruza kidogo mpaka ing'ae, dondoshea siki au kamua ndimu tone moja. Magnesiamu inatoa mapovu hapo hapo, yanachemka kama soda. Aluminiamu inatulia tu kimya. Ukishaona futa haraka uoshe na maji, usiache ndimu imelala pale usiku.

Na hapo hapo ndo ujue kwanini hutakiwi kutumia zile dawa za kung'arishia rimu na injini, nyingi ni asidi. Asidi ya betri ndo usiseme, kuna jamaa aliloweka kava asubuhi akaenda kunywa chai, karudi kakuta kava nyembamba kama kopo la maziwa.

Hatua ya 2. Moto. Usiruke hii

Kipande kizima hakiwaki kirahisi, kinapoteza joto haraka. Hatari ni vumbi na vinyuzi vya kusaga. Vikishika moto vinawaka mwanga mweupe unaoumiza macho, na ukimwagia maji ndo umeharibu, maji yanageuka haidrojeni na moto unaruka. Hata ile mitungi ya kuzimia moto ya gesi ya kaboni dayoksaidi haisaidii, magnesiamu inaungua humo humo ndani ya gesi hiyo. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, na nasema mkavu, siyo ule wa ufukweni uliochotwa asubuhi una unyevu.

Usisagie magnesiamu kwenye grenda ile ile unayosagia chuma. Cheche za chuma zikidondokea kwenye vumbi la magnesiamu ni habari nyingine. Mimi nasugua kwa mkono na msasa, tena msasa wa maji, yaani nalowesha ili vumbi lisiruke, alafu ule uji uji nautoa nje siku hiyo hiyo kwenye bati wazi. Usiufungie kwenye kopo lenye mfuniko, unatoa gesi kidogo kidogo na kopo litavimba.

Hatua ya 3. Fungua kila kitu, osha mafuta

Toa boliti zote, beringi, sili, vibati, kila kitu kisicho magnesiamu. Piga picha na simu kila hatua maana kuna mafundi tunajiamini alafu inabaki nati moja mkononi.

Mafuta mazito toa na petroli au mafuta ya taa na brashi ya nailoni, sehemu yenye hewa na bila jiko jirani. Kisha osha na sabuni ya unga na maji ya moto. Kama mafuta yameganda miaka, hapa magnesiamu ina kitu kizuri ambacho aluminiamu haina: haiogopi kostiki. Kostiki soda inayokula sufuria ya aluminiamu, magnesiamu inaivumilia, kwasababu kwenye maji makali ya namna hiyo ngozi yake ya juu inatulia badala ya kuyeyuka. Weka kama gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, tia kostiki kwenye maji na siyo maji kwenye kostiki, vaa glovu na miwani, loweka robo saa, sugua, suuza na maji mengi sana. Ila hakikisha hakuna kipande cha aluminiamu kimebaki humo, kitaliwa chenyewe.

Suuza ya mwisho tumia maji safi, ya bomba au ya mvua. Kuna watu wanasuuzia ziwani, ziwa letu maji baridi ndio, lakini pale ufukweni penye sabuni za wanaofua na mabaki ya samaki siyo pa kusuuzia kitu unachoenda kupiga rangi. Na kama ulitumia dawa ya klorini ya kuondoa madoa ya nguo, acha kabisa, klorini na chumvi ndo adui mkubwa kuliko maji yenyewe.

Hapo kwenye chumvi niongeze kidogo. Mtu anasema sisi hatuna bahari chumvi itoke wapi. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, uone kayabo, yaani samaki wa kukaushwa, inavyotiwa chumvi, magunia kwa magunia, alafu angalia pikipiki na mashine zinazobebana nayo kwenye gari moja. Jasho nalo lina chumvi. Nilishapokea chensoo iliyosafiri kwenye boti juu ya magunia ya kayabo, upande mmoja umeliwa, upande mwingine mzima kabisa, ukitazama unajua ulilalia wapi.

Hatua ya 4. Toa unga mweupe mpaka magnesiamu yenyewe ionekane

Unga ule ndo magnesiamu iliyoliwa, imeungana na maji. Ukipiga rangi juu yake umepiga rangi juu ya vumbi. Tatizo la magnesiamu ni kwamba ngozi inayoota juu yake yenyewe ni ndogo kuliko sehemu inayotakiwa kufunika, ni kama shuka fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje. Aluminiamu shuka lake linatosha, ndo maana inakaa miaka bila rangi.

Tumia msasa mpya, anza na namba 120 au 180, malizia na 240 au 320. Usilainishe sana, rangi inataka pa kushika. Kwenye vishimo tumia brashi ngumu ya nailoni au ncha ya mbao ngumu.

Usitumie brashi ya waya wa chuma wala stilwuli. Narudia kwasababu kila fundi anayo mfukoni. Waya unaacha vipande vidogo vya chuma visivyoonekana vimejipachika juu ya magnesiamu, na kila kipande ni betri ndogo inayosubiri unyevu. Siyo maneno yangu, tangu mwaka 1942 Hanawalt na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba chuma, nikeli na shaba hata kiasi kidogo sana ndani ya magnesiamu vinafanya iliwe kwa kasi kubwa. Ndo maana AZ91D ya siku hizi kiwandani wanabana, nikeli haitakiwi kuzidi asilimia 0.002. Sasa kiwanda kinahangaika na vipimo hivyo alafu wewe unakuja kuipaka chuma kwa brashi ya waya ya buku mbili. Hata msasa uliotumika kwenye chuma tupa. Kama una mashine ya kupulizia mchanga, tumia shanga za kioo safi, siyo mchanga uliopita kwenye vyuma vya watu.

Kama unajua kuna fundi alishapitisha waya kabla yako, futa juu na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nusu dakika tu, itatoa mapovu na kuondoa ngozi nyembamba pamoja na vile vichuma, suuza palepale na maji mengi. Usisimame kuongea na simu.

Kiwandani unga huu wanautoa kwa asidi ya kromu, inasafisha bila kula magnesiamu yenyewe. Inafanya kazi vizuri sana ila inasababisha saratani, na ule mto unaopita nyuma ya karakana yako unaishia ziwani ambako sote tunakunywa. Achana nayo. Hali kadhalika zile dawa zenye floraidi, asidi yake inapita kwenye ngozi mpaka mfupani bila hata kuuma mwanzoni.

Hatua ya 5. Ngozi ya kati

Kati ya magnesiamu tupu na rangi, kinachofaa ni ngozi ya dawa, yaani unaichovya kwenye maji ya dawa, juu yake inaota ngozi nyembamba inayoshikana na magnesiamu chini na rangi juu. Zamani nyingi zilikua za kromu, zile zinazoacha rangi ya dhahabu au kahawia, nyingine ukikuta bodi ya zamani ina rangi ya kijani kijani chini ya rangi ndo hiyo, usiisage kavu, vumbi lake usilivute. Siku hizi zipo za fosfeti na pamanganeti, zipo za stani, na zipo za zirkoniamu. Ukiagiza, soma kopo, lazima iwe imeandikwa inafaa magnesiamu. Dawa ya aluminiamu siyo dawa ya magnesiamu, zingine ni asidi iliyozidi na utaona mapovu tu.

Kuna teknolojia nyingine ya kiwandani ambapo kipande kinazamishwa kwenye maji ya dawa, kinapigwa umeme wa mamia ya volti mpaka cheche zinacheza juu yake ndani ya maji, inabaki ngozi ngumu kama kauri. Ni nzuri mno, ila ina vitundu vidogo kwa hiyo bado inahitaji kuzibwa kwa rangi au resini juu. Kama bodi yako ilikuja na ngozi ya kijivu ngumu ambayo msasa unateleza, yaweza kua ndo hiyo, iache, sugua tu pale palipoharibika.

Na asije mtu kukushauri uichovye nikeli au kromu ing'ae. Nikeli kwa magnesiamu ni sawa na ile boliti ya stenlesi, sasa umemvalisha adui mwili mzima. Siku panapotoboka tundu moja la sindano, panaliwa chini kwa chini na juu bado panang'aa.

Kama dawa ya ngozi hujaipata, na wengi hapa hatuipati kirahisi, bado unaweza kufanya kazi nzuri. Siri ni muda. Sugua, suuza, kausha, piga epoksi siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja au mbili. Ukilaza usiku magnesiamu tupu hapa kwetu na ule umande wa alfajiri kutoka ziwani, asubuhi umeshapata ngozi mbovu na unaanza upya.

Hatua ya 6. Kausha kuliko unavyodhani inatosha

Bodi hizi zinamiminwa, zina vitundu ndani vinavyonyonya maji. Ukipiga rangi maji yakiwa humo, jua likipiga yanatoka kama gesi yanasukuma rangi, unapata malengelenge. Saa sita mchana weka juu ya bati, geuza geuza, masaa mawili matatu. Msimu wa mvua tumia oveni ya nyuzi 80 au 100, mama mwenye nyumba akikubali. Mimi nilinunua yangu ya zamani pale Makoroboi baada ya ugomvi, chapati zilinukia petroli.

Wanaopiga rangi ya unga ya kuoka wana shida hii kubwa zaidi, maana inaokwa karibu nyuzi 180 mpaka 200 na gesi yote inatoka kipindi rangi inayeyuka. Waombe waoke bodi tupu kwanza kwa joto kidogo zaidi ya lile la rangi, ipoe, ndo wapige unga. Mashavu ya beringi na sehemu zenye vipimo vya kubana, ziba zisipate unga.

Baada ya kukausha usishike na mkono mtupu. Glovu safi. Alama ya kidole ina chumvi, na nimeshaona malengelenge yamejipanga umbo la kidole gumba kabisa, ungeweza kwenda nayo polisi.

Hatua ya 7. Praimeri na rangi

Epoksi ya makopo mawili, yenye hadena yake. Siyo praimeri ya kopo la kupuliza la bei rahisi, siyo ile nyekundu ya mageti. Koti la kwanza jembamba, paka na brashi kwenye kona na vishimo kabla hujapuliza, kwasababu rangi inakimbia kona kali, kona ndo zinaanzaga kuliwa. Kona kali sana zipunguze ukali kwa msasa tangu hatua ya nne. Koti la pili zima zima. Soma kwenye kopo muda wa kusubiri kati ya koti, kwa joto la hapa usikimbilie kuongeza tina ili ikauke, tina nyingi inaacha vitundu.

Ndani ya matundu ya boliti pia. Watu wanaziba matundu na tepu ili rangi isiingie, wanaacha magnesiamu tupu palepale chuma kinapopita! Paka kwa brashi ndogo kingo za tundu na ule uso unaokaliwa na kichwa cha boliti. Nyuzi zenyewe acha, hizo tutazitia mafuta.

Puti ya gari usiweke juu ya magnesiamu tupu, inanyonya maji. Kama kuna kishimo lazima kijazwe, epoksi kwanza, filla ya epoksi juu, kisha epoksi tena.

Juu malizia na rangi ya 2K ya magari, nayo ya kuchanganya na hadena, koti mbili. Epoksi peke yake jua la huku inageuka chokaa. Rangi gani shauri yako, ila mimi napenda nyeusi au nyekundu, kwasababu unga mweupe ukianza kutoka unauona mapema, kwenye rangi nyeupe hauonekani.

Hatua ya 8. Boliti, hapa ndo kazi yenyewe

Kwanza aina. Stenlesi, shaba na brasi visiguse magnesiamu. Boliti ya chuma iliyopakwa zinki ni afadhali kuliko chuma kitupu. Pili, washa. Tafuta washa za aluminiamu, zisiwe za aluminiamu yenye shaba ndani, pana kuliko kichwa cha boliti, ziweke kati ya boliti na bodi. Aluminiamu inagombana kidogo na magnesiamu, hivyo inakua mpatanishi. Upana wake ni wa makusudi: maji yanapodondoka pale, umbali kati ya chuma na magnesiamu unakua mrefu, na betri inadhoofika. Sehemu isiyobana sana wala isiyo na joto, washa ya nailoni inafaa.

Tatu, pakaa. Chovya nyuzi za boliti kwenye grisi au silanti kabla ya kufunga. Grisi yenye grafaiti au unga wa shaba usiitumie, vyote viwili ni maadui wale wale kwa jina lingine. Silikoni nayo angalia: ile inayonuka siki wakati inakauka, inanuka siki kwasababu inatoa siki kweli, na siki umeona kwenye hatua ya kwanza ilivyofanya. Nunua isiyo na harufu hiyo.

Nne, ukishakaza, paka rangi juu ya kichwa cha boliti, washa, na kama sentimita moja kuzunguka. Yes, ukija kufungua utakwangua, ni sawa. Boliti iliyofunikwa haiwezi kufanya betri. Ukiwa na rangi ya kutosha kitu kimoja tu kati ya boliti na bodi, funika boliti.

Tano, maji yasikae. Kama bodi ina kibonde kinachotunza maji na maganda ya mbao mbichi, kijaze epoksi kiwe na mteremko. Maganda ya mbao yaliyolowa yana asidi yake na yanakaa na unyevu wiki nzima.

Hatua ya 9. Jaribu kabla hujajisifu

Kila ukipiga rangi bodi, piga pamoja na kipande chakavu cha magnesiamu kwa hatua zile zile. Baada ya wiki, rangi imekomaa, kikwaruze msalaba na wembe, kiweke kwenye maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita. Angalia mapovu. Yakitoka kwenye mkwaruzo tu ni sawa, hapo pako wazi. Yakitoka sehemu nyingine ujue kuna vitundu kwenye rangi, ongeza koti. Baada ya siku mbili tatu bandika solatepu juu ya mkwaruzo uvute kwa nguvu: rangi ikibanduka vipande vipande, usafi wa hatua ya tatu na ya nne haukutosha. Bodi ya mteja usiijaribie chumvi tafadhali.

Kitu kimoja nje ya mada, kwa wenye boti. Ule mkate wa magnesiamu (anodi) unaofungwa kwenye injini za boti au mtumbwi wa chuma, umewekwa uliwe. Hapo tunatumia ile betri kwa faida yetu, inaliwa yenyewe injini inapona, na kwa maji baridi kama ya kwetu magnesiamu inafanya kazi vizuri kuliko zinki. Nimeona boti imepigwa rangi ya bluu nzuri mpaka na ule mkate, mwenye boti anajisifu mkate wake hauishi. Hauishi kwasababu haufanyi kazi. Kwangua rangi yote mpaka ung'ae, na mkate ukibaki nusu badilisha.

Yule kijana wa Ukerewe bodi yake ilishatoboka sana pale chini, tumetafuta nyingine iliyotumika na nimeifanyia hatua zote, washa nimezichonga mwenyewe kwenye bati la aluminiamu. Nimemwambia kila mwisho wa masika na mwisho wa vuli achukue tochi aangalie kuzunguka boliti tano za chini tu, siyo mwili mzima, akiona unga hata kidogo kama wa chaki, akwangue, afute, apake epoksi siku hiyo hiyo, na msumeno asiufunge tena kwenye kiroba ukiwa umelowa.